Maji Safi Vijijini Mbeya na Iringa: Maswali Yenu na Majibu Yake

Maelezo haya ni kwa wakazi wa vijiji vya Mbeya na Iringa, kuanzia Rungwe na Mufindi kwenye mvua nyingi hadi kwenye ukavu wa Ismani, Pawaga na Chunya. Maswali ni yale yanayosikika kwenye mikutano ya vijiji, kwenye foleni ya ndoo na kliniki, nasi tumeyaacha jinsi yanavyoulizwa. Penye neno la kitaalamu, maana yake imewekwa palepale.

Maji ni ya Mungu. Kwa nini tuyalipie?

Maji yenyewe hayauzwi. Kinacholipiwa ni kazi ya kuyafikisha: mabomba, koki, posho ya fundi, dawa ya kutibu maji, na mafuta au umeme pale penye pampu.

Wazee wanaokumbuka kwamba zamani maji ya bomba yalikuwa bure hawakosei. Mwaka 1971 serikali ilianza mpango wa miaka 20 wa kufikisha maji ndani ya mita 400 kutoka kila kaya ifikapo 1991, na wanavijiji hawakudaiwa chochote. Katika miaka ya 1980, kwa msaada wa Denmark, mikoa ya Iringa, Mbeya na Ruvuma ilijengewa miradi mingi ya mserereko, yaani miradi ambayo maji hushuka yenyewe kutoka mlimani bila pampu. Mabomba yalilazwa vizuri, ila fedha za kuyatunza hazikuwa na mwenyewe. Koki ikifa, kijiji kilisubiri bajeti kutoka mbali, na wakati kikisubiri, watu walirudi kijitoni. Sera ya Maji ya mwaka 2002 ndiyo iliyoweka gharama za uendeshaji na matengenezo mikononi mwa watumiaji wenyewe.

Basi kodi yetu inafanya kazi gani?

Inajenga. Uko Mfuko wa Taifa wa Maji, ambao hupata shilingi 50 katika kila lita ya petroli na dizeli inayouzwa nchini, kwa hiyo hata nauli yako ya bodaboda inachangia kidogo. Mradi ukishakabidhiwa, matengenezo madogo ni ya kijiji. Uharibifu mkubwa, kama tenki kupasuka au mafuriko kuzoa bomba kuu, hupelekwa RUWASA.

RUWASA ni nani, na kamati yetu ya maji imekwenda wapi?

RUWASA ni Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, ulioanzishwa kwa Sheria Namba 5 ya mwaka 2019, wenye meneja katika kila mkoa na wilaya. Sheria hiyo hiyo ilibadilisha kamati na jumuiya za zamani kuwa vyombo vya watoa huduma ya maji ngazi ya jamii, ambavyo wengi huviita kwa kifupi CBWSO. Chombo kimoja kinaweza kuhudumia vijiji kadhaa vinavyotumia chanzo kimoja, kimesajiliwa kisheria, na kinaajiri fundi na mtunza fedha. Mjini ni habari nyingine: Jiji la Mbeya na Manispaa ya Iringa zina mamlaka zao za maji.

Nina haki ya maji kiasi gani, na umbali gani?

Sera ya 2002 inataka kila mtu wa kijijini apate angalau lita 25 za maji safi kwa siku, ndani ya mita 400 kutoka nyumbani, na kituo kimoja cha kuchotea kisizidi watu 250. Kaya ya watu sita, kwa hesabu hiyo, inastahili lita 150, karibu madumu manane ya lita 20. Tangu Julai 2010 Umoja wa Mataifa pia unatambua maji na usafi wa mazingira kuwa haki ya binadamu. Tuongeze jambo moja ambalo ramani haisemi: mita 400 za kupanda mlima Kilolo si sawa na mita 400 za tambarare ya Usangu. Vituo vinapopangwa, akina mama wanaobeba ndoo wawepo na waseme njia ipi haipitiki masika.

Tutajuaje kama fedha zetu haziliwi?

Anza na hesabu. Uniti moja ya maji ni lita 1,000, sawa na madumu 50 ya lita 20. Kwa hiyo mnapotozwa, kwa mfano, shilingi 20 kwa dumu, chombo kinakusanya shilingi 1,000 kwa uniti. Linganisha na bei iliyoidhinishwa, ambayo inapaswa kubandikwa mahali watu wanapoiona, na dai risiti kila unapolipa.

Chombo kinawajibika kutoa taarifa ya mapato na matumizi kwa wananchi, na mkutano mkuu wa kijiji, unaopaswa kuitishwa kila baada ya miezi mitatu, ndiyo nafasi ya kuiuliza. Kuuliza si uchochezi. Mkinyimwa taarifa, mpelekeeni meneja wa RUWASA wa wilaya malalamiko kwa maandishi; kukiwa na dalili za rushwa, TAKUKURU wanapokea simu bure kwa namba 113.

Asiye na uwezo kabisa afanyeje?

Mzee asiye na mtu, mgonjwa au mtu mwenye ulemavu asiyejiweza asiachwe bila maji. Kijiji kinaweza kuwatambua watu hao kwenye mkutano na kukubaliana na chombo namna ya kuwasamehe malipo, majina yakaandikwa ili msimamizi wa kituo asibahatishe.

Bomba limepita mbele ya nyumba yangu, mbona mimi sina maji?

Swali hili husababisha ugomvi mwingi, na jibu lake liko kwenye mlima wenyewe. Katika mradi wa mserereko, kila mita 10 za kushuka huongeza mgandamizo, yaani nguvu ya maji ndani ya bomba, kwa takribani bar 1. Bomba la plastiki la daraja la PN 10 linastahimili kama mita 100 za mteremko. Mlima ukizidi hapo, mafundi hujenga tenki la kupunguza mgandamizo, maji yakatua kwanza kisha yakaanza safari upya. Nyumba iliyo jirani na tenki, kwenye usawa unaokaribiana nalo, huona bomba likipita lakini nguvu ya kuyapandisha maji hadi kwenye koki haijapatikana bado. Aliye chini bondeni anapata maji kwa kishindo. Hakuna aliyependelewa.

Wapo wanaolitoboa bomba kuu usiku na kujiunganishia. Madhara yake hayaishii kwa majirani wa chini kukosa maji: bomba likiwa tupu, tundu lile hufyonza tope na maji machafu yaliyolizunguka, na kesho yake watoto wa kijiji kizima wanayanywa. Peleka maombi kwenye chombo, fundi aje apime. Wakati mwingine kuhamisha kituo mita chache kuteremka kunatosha.

Na shamba langu lililochimbwa mtaro?

Ardhi ikitwaliwa moja kwa moja, kwa mfano ya kujengea tenki, sheria za ardhi za mwaka 1999 zinadai fidia kamili, ya haki na inayolipwa kwa wakati. Bomba lililofukiwa kwa kawaida linakuachia ardhi yako, lakini mazao yatakayoharibika yahesabiwe kabla ya jembe la kwanza kushuka. Wengi hutoa eneo kwa hiari. Hilo ni jema, ila liandikwe na kutiwa sahihi mbele ya mtendaji wa kijiji, kwa kuwa wajukuu wenu hawatakuwa wameshuhudia.

Chemchemi iko kwetu. Kwa nini maji yaende kwa wengine, hadi mjini?

Kwa Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009, maji yote ni mali ya umma; kijiji kinalinda chanzo lakini hakikimiliki. Anayetaka kuyachukua kwa wingi, iwe ni mamlaka ya mji, shamba la chai au skimu ya mpunga, lazima apate kibali kutoka bodi ya maji ya bonde husika. Mikoa hii inagawanyika kati ya mabonde matatu: Rufiji, Ziwa Nyasa na Ziwa Rukwa. Mnaoishi kwenye chanzo mna haki ya kusikilizwa kabla kibali hakijatolewa, na kudai kwamba mradi unaopita kwenu usiwaache na kiu.

Wazee wanasema chemchemi ikijengewa saruji, mwenyewe hukasirika na maji hukauka. Ni kweli?

Kukauka kumetokea kweli mahali kadhaa, na wazee walioona jambo hilo hawakuota. Chemchemi ni maji ya ardhini yaliyopata upenyo wa kutokea. Fundi akijenga sanduku la kukusanyia maji, halafu akaweka bomba la kutolea juu kuliko jicho la chemchemi, maji hujaa, hurudisha nguvu nyuma na kutafuta upenyo mwingine, pengine ng'ambo ya kilima. Kwa hiyo kanuni ni bomba la kutolea kukaa chini ya jicho, na bomba la ziada kuwekwa ili masika maji yapate pa kupumulia. Mkishuhudia ujenzi, ulizeni hilo.

Miiko nayo isipuuzwe. Misitu midogo iliyokatazwa kukatwa kwa sababu ya matambiko ndiyo leo ina chemchemi zisizokatika kiangazi, wakati mabonde ya jirani yamebaki na mawe. Mradi unaoanza kwa kuzungumza na wenye mila wa mahali hapo hupata walinzi wa chanzo bila mshahara.

Vinyungu tumelima tangu mababu. Leo mnatukataza kwa nini?

Vinyungu, yaani bustani za mabondeni zinazolimwa kiangazi kwa unyevu uliobaki ardhini, zimelisha na kusomesha watoto wengi Iringa. Hatutasema kwamba mkulima wa kinyungu ni adui wa maji. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, ziwa au chanzo cha maji, kwa sababu mfereji wa kukausha bonde hushusha maji ya ardhini, na mbolea na dawa za mboga huingia moja kwa moja kwenye bomba la walio chini.

Utaratibu mzuri ni mipaka kupimwa mchana kweupe, wenye vinyungu wakiwepo, na mawe ya alama kuwekwa. Mwenye bustani inayoangukia ndani ya mipaka apewe muda wa kuvuna. Halmashauri na kijiji wamtafutie pa kulima, kwa kuwa mtu aliyefukuzwa bila chakula atarudi usiku. Ukiamriwa kuondoka bila kupimiwa, una haki ya kuomba upimaji.

Mikaratusi inakausha maji, au ni maneno tu?

Mikaratusi hukua haraka na hunywa maji mengi, kwa hiyo haifai karibu na chemchemi wala kwenye vinamasi. Mlimani mbali na chanzo ni zao halali la mbao na nguzo, nasi hatuna ugomvi nalo. Kuzunguka chanzo pandeni miti ya asili kama mivengi, na ulizeni ofisi ya bodi ya bonde au ya misitu kuhusu miche.

Maji ya chemchemi yetu ni meupe na baridi. Kuna haja gani ya kuyachemsha?

Weupe hauonyeshi vijidudu. Vijidudu vya kuhara, homa ya matumbo na kipindupindu havina rangi wala harufu, na vinaweza kuingia kutoka zizi la ng'ombe au choo kilicho juu ya chanzo, hasa mvua za kwanza zinapoosha ardhi. Chemchemi iliyojengewa na kuzungushiwa uzio ni salama zaidi, lakini maji hubebwa, humwagwa, huchotwa; uchafu mwingi huingia baada ya koki.

Huku juu maji huchemka upesi. Yanakuwa yameiva kweli?

Mwenye kuuliza hivi ameona vizuri. Kadiri unavyopanda ndivyo maji yanavyochemka kwa joto dogo zaidi: Mbeya mjini, kwenye mita 1,700 hivi, ni kama nyuzi 94 badala ya 100. Joto hilo bado linaua vijidudu. Yaache tu yatokote kwa nguvu kwa dakika moja, na kwa wanaoishi juu ya mita 2,000, kama vijiji vya kandokando ya Kitulo, yafike dakika tatu. Kuendelea zaidi ya hapo ni kuchoma kuni bure.

Nasikia dawa ya maji inaua nguvu za kiume na kuzuia uzazi.

Wasiwasi huu unaeleweka, kwa sababu klorini ina harufu na huletwa na watu wageni mara nyingi wakati wa ugonjwa. Klorini ni dawa ya kuua vijidudu. Kwa kipimo cha maji ya kunywa haigusi uwezo wa mwanamume wala kizazi cha mwanamke, na wakazi wa miji mingi duniani wameinywa kwa zaidi ya miaka 100 na wanaendelea kuzaa. Chuja kwanza maji yenye tope kwa kitambaa safi, weka kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti bila kuzidisha, subiri dakika 30. Harufu ikikukera, acha chombo wazi kidogo mahali pasipo na vumbi; itapungua.

Sisi wa Mbarali na Pawaga tunakunywa maji ya mfereji wa mpunga. Nikichemsha inatosha?

Hapana, na hili tunalisisitiza. Kuchemsha na klorini huua vijidudu, lakini haviondoi sumu za viuatilifu, yaani dawa za kuulia wadudu na magugu mashambani. Vivyo hivyo kwa zebaki, inayotumika kukamatishia dhahabu kwenye machimbo madogo Chunya. Maji ya mfereji wa mashamba au ya kijito kinachopita kwenye uoshaji wa dhahabu yasinywewe hata yakichemshwa. Tumieni kisima kilichopimwa au maji ya mvua kutoka kwenye bati, mkiyaacha maji ya mvua ya kwanza yasafishe paa. Kusimama miguu mitupu kwenye majaruba pia huleta kichocho, na dawa yake ipo kwenye zahanati.

Kuni zimeadimika. Kuna njia nyingine?

Jua. Jaza maji maangavu kwenye chupa safi ya plastiki isiyo na rangi, isiyozidi lita 2, ilaze juu ya bati kwa saa sita za jua kali, au siku mbili kukiwa na mawingu. Ismani njia hii inafaa sana. Tukuyu, ambako mawingu hayatoki kirahisi, ni afadhali klorini.

Choo cha shimo kinatosha, au lazima cha kuvuta?

Kinatosha kikiwa bora: sakafu inayosafishika, mfuniko wa tundu, kuta, paa, mlango, na mahali pa kunawa kwa sabuni. Kikae angalau mita 30 kutoka kisima au chemchemi, upande wa chini wa mteremko. Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009 inaitaka kila kaya iwe na choo, na faini zipo kwenye sheria ndogo za halmashauri. Ukitozwa, dai risiti. Kyela, ambako maji ya ardhini yako juu na mafuriko ni ya kawaida, shimo lisichimbwe kwenda chini sana. Choo kiinuliwe juu ya tuta lililojengewa.

Kwetu mkwe hawezi kuingia choo kimoja na mke wa mwanawe. Mnatushaurije?

Heshima hiyo kati ya baba mkwe na mkamwana inajulikana, hasa kwa Wanyakyusa, na si kazi yetu kuivunja. Afisa afya akihesabu choo kimoja uani anaweza kudhani kazi imekwisha, huku mtu mmoja wa nyumba hiyo akienda migombani kila asubuhi. Jengeni choo cha vyumba viwili chenye milango inayotazama pande tofauti, kila chumba na shimo lake, au vyoo viwili vidogo.

Haja ya mtoto mchanga haina madhara, sivyo?

Ina madhara sawa na ya mtu mzima, na mara nyingi zaidi, kwani watoto huugua kuhara mara kwa mara. Itupwe chooni, na aliyemsafisha mtoto anawe kwa sabuni kabla ya kushika chungu.

Binti yangu hakosi siku za hedhi kubaki nyumbani. Shule inawajibika?

Ndiyo. Kiwango cha taifa ni tundu moja la choo kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25, na mabinti wanahitaji chumba chenye mlango unaofungwa, maji na mahali pa kutupia taulo za kike. Mzazi ana haki ya kuliuliza hilo kwenye kikao cha wazazi au kamati ya shule, akina baba wakiwemo.

Mtu akianza kuharisha maji matupu?

Asinyimwe maji; dhana kwamba kunywa huongeza kuharisha imeua wengi. Mpe ORS, chumvichumvi ya kurudisha maji mwilini, au changanya lita 1 ya maji salama na vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa bapa, na aanze kunywa huku safari ya zahanati ikianza. Namba 199 ya Wizara ya Afya hupokea simu bure kwa ushauri na kwa taarifa za mlipuko. Kipindupindu kinatibika mgonjwa akiwahi, na kukitaja si aibu ya kijiji.

Koki ikitoa tope, au ikikauka ghafla, nianzie wapi?

Usiyanywe, na mwambie msimamizi wa kituo siku hiyo hiyo; naye humwita fundi wa chombo, ambaye hupanda kuangalia chanzo, machujio na vali. Mkisikia koki inapumua upepo kabla ya maji, mwambieni hilo pia: huenda ni hewa iliyonaswa bombani, na vali ya kuitoa hufunguliwa kwa muda mfupi. Fundi akishindwa, taarifa iende kwa meneja wa RUWASA wa wilaya kwa maandishi, ikionyesha tarehe, jina la kijiji na la kituo, na nakala ibaki kwa mtendaji. Maji yakirudi, yaacheni yatoke hadi yatakate kabla ya dumu la kwanza, na mkitaka kujua kama yamewahi kupimwa maabara, ombeni chombo au RUWASA iwaonyeshe matokeo.